Embe halichaguliwi kwa rangi

Mwangaluka jamani. Nitasema lile lile ninalosema kila msimu, maana nikipita sokoni bado naona mtu anafika kwenye fungu, anaona jekundu, anabeba. Ndugu zangu ule wekundu ni jua tu! Upande uliopigwa jua ndio unaowiva rangi, liwe limekomaa au la, na dodo unaweza kulikuta limeiva kabisa huku ganda lina kijani. Tabora hii yenye miembe tangu enzi za misafara ya Ujiji, kweli tudanganywe na rangi?

Angalia mabega, pale kwenye kikonyo. Lililokomaa mabega yamejaa yamepanda, kikonyo kimedidimia katikati, changa limeteremka kama shingo ya chupa. Halafu nusa hapo hapo kwenye kikonyo, sio tumboni. Likiwa limeiva harufu inakufuata yenyewe.

Na mbona nang'ang'ania kukomaa? Kwa sababu lililokomaa hata likiwa gumu jiwe litaivia nyumbani, wanga uliomo unageuka sukari, ila changa wanga wenyewe haujatosha, litalainika litasinyaa na utamu hupati, na pesa umeshatoa. Wale wanaoagiza stroberi za Lushoto ndio hawana hata hiyo nafasi, stroberi ikishachumwa haiongezi utamu, ukiona weupe karibu na majani iache. Embe linatupa muda, lakini mtini liwe limemaliza kazi yake.

Mtu ataniambia muuzaji anakasirika ukinusa. Hapana, anakasirika ukibinya, na mimi niko upande wake! Dole gumba linaacha jeraha, kesho kutwa pale pameoza na anayekula hasara ni yule mama. Nusa, hakuna atakayekufukuza.

Haraka haraka maana naona saa. Fungu zima likiwa njano moja halafu halinukii, uliza limeivishwaje, wapo wanaotumia kabaidi ya mafundi wa kuchomelea na ile inaweza kuwa na sumu ya aseniki, sio kitu cha kuweka kwenye chakula cha mtoto. Kitobo kidogo chenye ulaini kukizunguka ni nzi wa matunda, ndani kuna funza. Na jamani gumu msilitie kwenye friji, baridi inazuia lisiive vizuri, lifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, friji ni baada ya kuiva.

Haya, maswali.