Njoo na Kanga Moja: Insia Irudi Uani

(Mhadhara uliotolewa jioni, Dar es Salaam)

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wangu shikamooni, dada zangu na kaka zangu habari za jioni.

Nimepewa dakika arobaini nieleze namna programu za insia, yaani fasihi, historia, lugha na sanaa, zinavyoweza kuwaunganisha watu wa mitaa yetu. Waliokwisha kunisikia wanajua nitaanzia wapi: Ilala, uani kwa watu, kwenye mkeka. Kila nikianzia kwingine, mwishoni watu huniuliza, "Sasa hayo yanafanyikaje?" Basi tuanze na yanavyofanyika.

Sisi tuliotoka chuoni tuliomba jambo moja tu. Kila atakayekuja Jumamosi baada ya alasiri aje na kanga moja, atutajie jina la kanga hiyo, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, atueleze aliipata wapi na kwa nini mpaka leo hajaigawa. Hatukutamka neno warsha, maana ukitamka warsha mtu anauliza posho, na ana haki ya kuuliza. Walikuja akina mama kumi na saba. Vijana watatu wa bodaboda waliokuwa wameegesha nje wakasogea kusikiliza. Na mzee mmoja alikaa mlangoni, akisema yeye anapunga upepo tu.

Bibi mmoja akatoa kanga iliyopauka, ukiinua juani unaona upande wa pili. Jina lake: Japo sipati tamaa sikati. Wasichana wakapiga vigelegele. Kila mmoja alijua hayo ni mambo ya mapenzi. Bibi akawangoja wamalize, kisha akasema, "Hii niliipangia foleni siku tatu."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vimekwisha na madukani hamna kitu. Doti ya kanga inagawiwa kwenye duka la ushirika, majina yanatoka kwa balozi wa nyumba kumi. Siku ya kwanza alifika alfajiri. Zamu yake ilipokaribia, kanga zikaisha. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akapata, akaikunjua palepale asome jina, akalisoma kwa sauti, na foleni nzima ikaangua kicheko. "Tamaa yenyewe ilikuwa ni kanga," akasema.

Kijana mmoja wa bodaboda akashindwa kuvumilia. "Shikamoo bibi. Yaani mlipanga foleni ya nguo?" Yeye foleni anayoijua ni ya magari. Bibi akamwitikia marahaba, akamhesabia: nguo, sabuni, sukari, unga. Hapo mzee wa mlangoni akainuka, akaomba kuishika ile kanga, akageuza pindo akasoma. "Hii ya Urafiki. Hii yetu." Kumbe alifanya kazi kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Majirani wa miaka ishirini, na hakuna aliyekuwa anajua. Bibi akamgeukia: "Kumbe ninyi ndio mliokuwa mkizificha!" Mzee akamjibu, "Bi mkubwa, sisi tuliozitengeneza nasi tulipanga foleni."

Nimeisimulia habari hii mara nyingi na nitaendelea kuisimulia, kwa sababu ndani yake mna yote tunayoyafundisha darasani. Mna fasihi: jina moja lina maana mbili, na mabishano ya nani mwenye haki ya kulifasiri. Mna historia ya uchumi wa nchi hii, imesimuliwa na mtu aliyesimama kwenye foleni akimtazama mtu aliyesimama kwenye mashine. Sisi tuliotoka chuoni tulikuwa na kazi ya kuuliza swali, kunyamaza, na kurekodi kwa ruhusa. Kunyamaza ndiko kugumu. Nimewaona wahadhiri hodari wakishindwa kunyamaza dakika tano.

Bado sijamaliza ya uani. Katika wale akina mama kumi na saba walikuwamo wawili wenye nyumba za ukuta mmoja ambao hawakuwa wakisalimiana. Sababu ilikuwa kanga. Mmoja alikuwa akijitanda kila mara kanga yenye jina Mdhaniaye ndiye kumbe siye, na jirani aliamini anasemwa yeye. Mnacheka, lakini mnajua nyote kwamba hapa mjini mtu anaweza kuhama nyumba kwa jina la kanga. Zamu yake ilipofika, yule mama akaitoa ileile. Akasema, "Hii ilikuwa sare ya harusi ya mdogo wangu. Tulivaa arobaini." Jirani yake hakusema neno, aliinamisha kichwa akawa anachezea pindo la kanga yake mwenyewe. Sitawaambia kwamba walikumbatiana. Jumamosi iliyofuata walikuja pamoja, mmoja kabeba mkeka na mwenzake birika la chai ya tangawizi. Hakuna mjumbe aliyeitwa kuwasuluhisha, wala hatukuwa tumekusudia kumsuluhisha mtu.

Sasa najua kuna mtu ameketi hapo anasema moyoni: ni hadithi nzuri, lakini watu wanataka maji, wanataka ajira, hii ni anasa ya waliosoma. Nimeulizwa swali hilo na watu ninaowaheshimu, na leo nitalijibu kwa ukali kidogo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, vijijini na mijini, kwa wiki 12. Walisikiliza redio pamoja, wakasomeana kitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakaamua wao wenyewe wafanye nini. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakasafisha visima. Kilichotangulia jembe ni mazungumzo. Kusoma kwa pamoja, kuuliza maana, kubishana bila kugombana, hiyo ni kazi ya insia kabisa, na mwisho wake ulikuwa choo cha shimo. Kwa hiyo msiniambie ni anasa.

Na kabla ya hapo? Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza akina mama wa mji huu katika TANU, hakuanza kwa kuandika waraka. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, maana humo tayari walikaa wanawake wa makabila mbalimbali wanaoaminiana, wanaojua kutunza fedha za chama na kuitana ndani ya saa moja. Leo tukitaka "kujenga mtandao wa jamii" tunaanza na hoteli na makabrasha. Shirika moja lililotaka kutusaidia lilitudai tupime "mabadiliko ya mtazamo" kwa dodoso la maswali sitini. Maswali sitini kwa bibi aliyetupa siku tatu za foleni kwa sentensi sita! Tulikataa fedha zile, na ningekataa tena.

Wengine wanasema kanga ni mambo ya wanawake. Mzee wa Urafiki amekwisha wajibu, lakini niongeze. Wiki ya nne wanaume walidai zamu yao, na mada ikawa mpira. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na mkiuliza nani alihama huku akaenda kule na kwa sababu gani, mtapata historia ya Kariakoo yote, mtaa kwa mtaa, ukoo kwa ukoo. Kariakoo yenyewe, vijana wengi wanaouza pale hawajui kwamba jina linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika waliobeba mizigo ya vita isiyo yao wameacha jina sokoni, na sisi tunalitaja kila siku kwa kondakta bila kuwakumbuka.

Naona mwenyekiti ameanza kutazama saa. Nina mambo mengine matatu na nitayapitia mbio.

Chuo kikuu chetu hakikuzaliwa Mlimani. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, karibu na Mnazi Mmoja, kelele za mji zikiingia madirishani. Mwaka 1964 kikapanda kilimani. Sina ugomvi na kilima, pana hewa nzuri ya kusomea. Ninachoomba ni mwanafunzi wa historia au fasihi ateremke muhula mmoja tu, akae kwenye mkeka, na apewe maksi kwa hilo.

Maktaba Kuu ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Siku ile haikuchaguliwa kwa bahati. Rekodi za uani zipate rafu pale, kwa majina ya waliosimulia wakiridhia, ili mjukuu akitafuta sauti ya bibi yake aipate mjini kwake.

La tatu lilikuwa Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama. Siku hizi ukisema "Makumbusho" abiria anaelewa kituo cha daladala. Hilo linahitaji jioni yake, naliacha.

Nimalizie na tangazo. Jumamosi ijayo tuko Temeke, saa kumi jioni, uani palepale wanapopajua waliokuja mara ya mwisho. Wageni waniulize nje nitawaelekeza. Mada ni barua za zamani. Kama nyumbani mna barua iliyoandikwa kwa mkono, ya posa, ya msiba, ya kuomba nauli, njooni nayo. Asiyeweza kuisoma kwa sababu ya macho atasomewa na yule kijana wa bodaboda. Ameomba kazi hiyo mwenyewe.