Ngazi ya Mama Muuza Sukuma

Mabibi na mabwana, mlionisikia hapo awali mtanivumilia, kwa kuwa narudia neno lile lile: umri peke yake haumletei mtu utulivu wa moyo.

Kila nisemapo hivi huletewa utafiti wa wanauchumi David Blanchflower na Andrew Oswald wa mwaka wa 2008, unaoonyesha kuridhika na maisha kukishuka hadi miaka ya arobaini na kitu, kisha kukipanda tena uzeeni. Siupingi. Ninachokataa ni kuubeba ulivyo na kuutua Nairobi, ilhali watafiti Andrew Steptoe, Angus Deaton na Arthur Stone walikwisha kueleza, katika jarida la tiba la Lancet la mwaka wa 2015, kwamba mkunjo huo ni wa nchi tajiri zinazozungumza Kiingereza, na kwamba kusini mwa Sahara kuridhika kuko chini katika kila rika.

Huko Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, nilimwuliza mama mmoja wa miaka 68 swali la ngazi ya Cantril, kipimo cha kuridhika na maisha: kati ya kidato cha sufuri, maisha mabaya kabisa, na cha kumi, maisha bora kabisa, maisha yako yamesimama wapi? Alikuwa akikatakata sukuma wiki. Akaniuliza, "Ngazi hii ni yangu, mwanangu, au ni ya watoto wangu?" Nikamjibu ni yake. Akaweka kidole chenye maji ya kijani kwenye kidato cha tatu. Kabla sijaandika, simu yake ikalia: kijana wake alikuwa amemtumia shilingi 500 kwa M-Pesa. Kidole kikapanda hadi cha tano. "Andika hapo," akasema, "leo amepata mjengo." Hizo pesa hakuzitaja kabisa.

Mtaniambia kwamba basi mzee wetu ana wanawe, pensheni ya nini? La hasha! Siku kijana huyo asipoitwa kazini, wanaoshuka ngazi ni wawili.

Nataka mtazame miaka 10 tu: mtumishi wa umma wa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60, ilhali shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, humngoja mzee afikishe 70. Yule mama alikuwa amebakiza miwili, na ili ainuke pale sokoni ilinibidi nimshike mkono.