Orodha ya Nyimbo Hupangwa kwenye Mapengo

Ndugu wanamuziki, tuanze na hesabu. Mmepewa dakika 45 jukwaani na nyimbo zenu huchukua dakika nne nne. Wengi wenu hapo mmeshagawa kichwani: nyimbo 11, twende! Lakini nyimbo 11 zina mapengo 10 katikati. Kila pengo likila nusu dakika, mmefika 49, na fundi mitambo atawakatia katikati ya kibao mlichokitunza kwa ajili ya mwisho. Wala msimlaumu. Mimi hupanga tisa, ya kumi naiandika pembeni kwa penseli.

Sasa litazameni pengo lenyewe. Mpiga gita anashusha waya wa sita kutoka noti ya E hadi D, yaani anabadilisha mkao wa gita. Anazungusha kitufe, anagonga, anatega sikio. Waya haujatulia, anarudia. Mpiga besi anatazama viatu vyake. Kule mbele mtu keshatoa simu. Tuseme mna nyimbo tatu za mkao huo katikati ya orodha. Zikifuatana, gita litabadilishwa mara mbili tu: kwenda na kurudi. Mkizitawanya, ni mara sita. Kwa hiyo pangeni vyombo kwanza, hisia baadaye. Najua hamkuja hapa kusikia hivyo.

Koo nalo ni chombo. Bendi yangu niliwahi kuipangia nyimbo tatu za sauti ya juu mwishoni, eti tufunge kwa kishindo. Kwenye kiitikio cha tatu mwimbaji akawaelekezea watu kipaza sauti waimbe wao. Walishangilia, wakidhani ni mbwembwe. Sauti ilikuwa imekwisha!

Wimbo wa kwanza uwe ule ambao vyombo vyote vinaingia mapema. Mlipojaribu mitambo ukumbi ulikuwa mtupu; sasa umejaa, na miili ya watu hunyonya sauti, kwa hiyo fundi anaanza kusawazisha upya. Mpeni cha kusawazisha. Ule wa gita moja na mnong'ono, ngojeni kidogo. Mpya kabisa, uwekeni kati ya miwili inayojulikana. Na miwili yenye ufunguo mmoja, yaani noti moja ya msingi, na mwendo mmoja itenganisheni, la sivyo itasikika kama wimbo mmoja mrefu.

Andikeni kwa kalamu nene, herufi kubwa, mkao wa gita pembeni ya jina, na nakala moja kwa fundi. Wekeni alama kwenye wimbo mtakaouacha mkichelewa, tena mkubaliane kabla ya kupanda ni nani atakayeinua mkono kuashiria kwamba unaachwa.