Mabasi Kwanza, Tozo Baadaye

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia kodi na bajeti ya usafiri endelevu: pesa itoke wapi, na ianze kwenda wapi. Baraka, jiji lina foleni na serikali inataka tozo ya msongamano, yaani magari yalipie kuingia eneo lenye foleni. Uanzie wapi?

BARAKA: Kwenye mabasi, kabla hujamtoza mtu hata senti moja. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, walifuata mpangilio huo. Agosti 2005 waliongeza mabasi mapya 197 na njia mpya 16. Tozo ilikuja Januari 2006, tena kwa majaribio. Magari yanayovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa karibu asilimia 20.

ZUHURA: Majaribio yakaisha Julai, kura ya maoni ikapigwa Septemba, na Agosti 2007 tozo ikarudi kwa kudumu. Watu walipiga kura wakiwa wameshaona barabara zilivyofunguka. Ukigeuza mpangilio, tozo leo na mabasi mwaka wa fedha ujao, mtu analipa halafu anasota kituoni. Hasira zake hapo ni za haki kabisa.

BARAKA: Halafu kuna mtego wa kibajeti. Kununua basi ni fungu la maendeleo, na uzinduzi wake una picha. Madereva, matairi, vichujio, pedi za breki: hayo ni matumizi ya kila mwezi, na ndiyo yanayokatwa kwanza. Basi jipya linaegeshwa kwa kukosa kipuri kidogo.

ZUHURA: Tupige hesabu ya njia moja. Basi kwenda na kurudi, pamoja na mapumziko ya dereva, dakika 90. Tunataka basi lipite kila dakika 6.

BARAKA: Gawanya 90 kwa 6, unapata mabasi 15. Weka na mawili ya akiba kwa ajili ya matengenezo. Sasa tenga njia maalumu ya mabasi, mzunguko ushuke hadi dakika 60: unahitaji 10 tu, ukiacha yale ya akiba. Abiria bado anapata basi kila dakika 6, na wewe umeokoa mabasi matano, mafuta yake na mishahara ya madereva wake, mwaka hadi mwaka. Hakuna ruzuku ya nauli inayokaribia faida hiyo.

ZUHURA: Ila njia hiyo ilindwe. Gari moja likiegeshwa humo, basi linatoka kwenda kwenye foleni, na kurudi ni kuombana. Kamera na faini ziwemo kwenye bajeti ya ujenzi tangu mwanzo.

BARAKA: Na kituoni mwaga zege, usiweke lami. Basi lililojaa linafunga breki mahali palepale kutwa nzima. Lami ikipata joto inasukumwa, inafanya mawimbi, matairi yanachimba mitaro na maji yanatuama. Zege lianze pale breki zinapoanza kukanyagwa, si kwenye kituo chenyewe tu.

ZUHURA: Twende kwenye mapato. Ushuru wa mafuta.

BARAKA: Unakusanywa kwa urahisi, lakini mara nyingi huwekwa kwa kiasi maalumu kwa lita na kusahauliwa. Marekani, ushuru wa serikali kuu kwa petroli ni senti 18.4 kwa galoni tangu 1993. Gharama za ujenzi zimepanda miaka yote hiyo. Sheria yenyewe iseme kiwango kinapanda kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei. Nyongeza ndogo inazoeleka. Ukikaa miaka kumi halafu upandishe kwa mkupuo, wabunge wataikimbia.

ZUHURA: Na gari la umeme halinunui petroli. New Zealand, tangu 1 Aprili 2024, magari madogo ya umeme yanalipa dola 76 za nchi hiyo kwa kila kilomita 1,000. Siku zijazo ziko huko, ingawa pale ambapo magari hayo bado ni ya kuhesabu, nguvu ya ukusanyaji ielekezwe kwenye malori.

BARAKA: Hasa! Uharibifu wa barabara unapanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu: uzito ukiongezeka kidogo, uharibifu unaruka sana. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, uzito umeongezeka asilimia 20, lakini uharibifu umekuwa mara mbili. Kwa hiyo toza kwa ekseli na kwa kilomita, na faini ya mizani izidi faida ya ule mzigo wa ziada. Ikiwa ndogo, msafirishaji anaihesabu kama nauli tu.

ZUHURA: Tumalizie na mkataba wa mabasi, maana pesa nyingi hupotelea humo.

BARAKA: Mlipe mwendeshaji kwa kilomita alizoendesha, si kwa vichwa vya abiria. Ukilipa kwa kichwa, madereva wanakimbizana kugombea abiria, na saa za usiku hawaendi kabisa. Kilomita zithibitishwe na kifaa cha GPS ambacho data zake zinaingia kwenye seva ya mamlaka, si ya kampuni.

ZUHURA: Na safari isiyofanyika?

BARAKA: Hailipwi, na juu yake kuna makato. Wiki ikifungwa, hesabu inabandikwa hadharani, njia kwa njia.