Chupa zilikuwa na kosa gani?

Haya, nimepewa dakika chache kwa hiyo salamu zimetosha. Mlionisikia kabla mnajua ntaanzia wapi. Hii fulana, mnaona kilebo cha kijani, kimeandikwa imetengenezwa kwa chupa za plastiki zilizorejelezwa, na watu wanapiga makofi. Mi nauliza, hizo chupa zilikuwa na kosa gani? Chupa ukiikusanya vizuri unaisaga, unaiyeyusha, inakuwa chupa tena, na mara nyingine tena. Ila ukishaivuta ikawa uzi wa poliesta, yani uzi wa plastiki, ukaufuma, ukautia rangi, ndo basi, maana fulana kugeuzwa fulana nyingine ni nadra mno. Ellen MacArthur Foundation, shirika linalopigania vitu virudi kutumika badala ya kutupwa, walisema kwenye ripoti yao ya 2017 kwamba malighafi ya nguo inayorudi kuwa nguo mpya haifiki asilimia 1. Asilimia moja jamani! Yani tumeitoa chupa kwenye mzunguko unaofanya kazi tukaipanga foleni ya jalalani, halafu tunajipongeza. Na kila ukiifua inamwaga vinyuzi visivyoonekana kwa macho, vinateremka na maji mpaka baharini.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema si afadhali kuliko poliesta mpya ya mafuta ghafi? Afadhali, sibishi, inakula nishati kidogo. Lakini uzalishaji wa nguo karibu uongezeke maradufu kati ya 2000 na 2015, na kila nguo inavaliwa mara chache kuliko zamani, sasa hiyo afadhali yako inamezwa asubuhi tu.

"Basi tuvae pamba." Haya, kaulizeni Bahari ya Aral kule Asia ya Kati, mito ya Amu Darya na Syr Darya iligeuzwa ikamwagilie mashamba ya pamba, leo boti zimelala mchangani.

Na pamba yenyewe wala siyo pamba. Chukua jinzi ya kuvutika: asilimia 98 pamba, 2 elasteni, yani ule uzi unaovutika, uzi wa kushonea poliesta, zipu chuma, na vile vibati vya shaba kwenye kona za mifuko. Nani atakaa avichomoe? Na hata akivichomoa, mashine ikiichambua ile pamba nyuzi zinakatika zinakuwa fupi, uzi wake dhaifu, lazima uchanganye na pamba mpya. Mbunifu aliyeweka hiyo asilimia 2 alishatuamulia yote.

Nilitaka kuongelea wafanyakazi, Rana Plaza, lile jengo la viwanda vya nguo lililoporomoka Bangladesh, Aprili 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa wakishona nguo za bei poa, ila mwenyekiti ananionyesha saa, na rangi za viwandani nazo naziruka.

La mwisho, Ufaransa mwaka 2020 walipitisha sheria ya kuzuia kuteketeza nguo ambazo hazijauzwa. Yani nguo mpya, haijaguswa, inachomwa moto, mpaka bunge likae! Nzuri, ila haisemi mshone ngapi, na mi shida yangu ndo hapo. Haya, maswali, ila mniulize mafupi.