Madaraja Mawili: Greenville, Chattanooga na Miji ya Kusini Tunayoipita Barabarani

(Mhadhara uliotolewa Atlanta, mbele ya wasemaji wa Kiswahili waishio jimbo la Georgia)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nawashukuru walionialika, na kina mama walioshinda jikoni tangu asubuhi ili tukimaliza hapa tule pamoja.

Wengi wetu tulifika Kusini mwa Marekani kwa kumfuata mtu. Mmoja alikuwa na binamu yake hapa Atlanta, mwingine aliletwa Clarkston na shirika la wakimbizi, mwingine alisikia kwamba Houston kuna kazi. Kwa hiyo Kusini tunayoijua ni ya majiji makubwa na barabara kuu zinazoyaunganisha. Ukishika I-75 kwenda kaskazini, saa mbili hazijatimia unaipita Chattanooga, Tennessee. Ukishika I-85 kuelekea Charlotte, baada ya saa mbili na kitu unaipita Greenville, South Carolina. Tunajaza mafuta, watoto wanakwenda chooni, safari inaendelea. Leo nawaomba tutoke barabara kuu na kuingia mjini.

Si miji mikubwa. Kwa sensa ya 2020, Greenville ina wakazi 70,000 na ushee ndani ya mipaka yake, ingawa wilaya yote inapita nusu milioni. Chattanooga ina takriban 181,000. Lakini yote miwili ina kitu ambacho majiji mengi ya Kusini yalikipoteza: katikati ya mji ambako mtu anaweza kuishi, akatembea, akaketi, akamwacha mtoto akimbie mbele yake bila moyo kumruka. Yaliyoiokoa miji hii ni mengi, ila mimi nitayashikilia madaraja. Greenville ilivunja daraja lake. Chattanooga ilikataa kuvunja la kwake. Na katika miji yote miwili waliofaidika ni wale wale, waenda kwa miguu.

Nianze na Greenville. Mji huu uliishi kwa pamba. Viwanda vya kusokota na kufuma viliuzunguka, na mto wake mdogo, Reedy, uliokuwa ukipokea maji machafu ya viwanda, wenyeji wanasimulia kwamba ulibadilika rangi kulingana na rangi iliyotiwa kwenye vitambaa siku ile. Ilipofika miaka ya 1960, maduka makubwa yakaanza kuhamia pembezoni, kwenye viwanja vipana vya maegesho, na Chuo Kikuu cha Furman kilikuwa kimekwisha kuhamia nje ya mji. Main Street ikabaki barabara ya njia nne ya kupitia tu.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayetaka mlishike jina lake: Max Heller. Alizaliwa Vienna mwaka 1919, Myahudi. Mwaka 1937 alifahamiana na msichana wa Greenville aliyekuwa matembezini Ulaya. Mwaka uliofuata Wanazi walipoichukua Austria, Heller alimwandikia yule msichana kuomba msaada, naye akamtafutia mwenye kiwanda cha mashati aliyekubali kumdhamini. Akafika Greenville mwaka 1938, akaanza kwa kufagia sakafu kiwandani. Baadaye akafungua kiwanda chake mwenyewe, na kuanzia 1971 hadi 1979 akawa meya. Ndugu zangu mliopita kambini, mliosubiri barua ya mdhamini miaka na miaka, habari hii mnaielewa kuliko mimi ninavyoweza kuieleza.

Heller aliukumbuka mji aliokulia, watu wakitembea jioni na kukaa nje wakinywa kahawa. Chini ya uongozi wake Main Street ikapunguzwa kutoka njia nne hadi mbili, njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa kila upande, kwa mchoro wa mbunifu wa mandhari Lawrence Halprin. Mwaka 1982 ikafunguliwa hoteli kubwa upande wa juu wa mtaa, kwa ubia wa mji na wawekezaji, ili pawepo na sababu ya watu kurudi. Mpite leo mtaona kazi ya ile miti. Mwezi wa saba Kusini jua linachoma lami, na mtaa usio na kivuli hautembeleki hata ujengwe vizuri namna gani. Ile mialoni ilipandwa na watu waliojua kwamba kivuli chake kitakuja baada ya miaka ishirini, baada ya uchaguzi kadhaa kupita. Kwangu mimi huo ndio uongozi.

Sasa daraja. Katikati kabisa ya Greenville kuna maporomoko ya maji, mahali mji ulipoanzia. Mwaka 1960 juu yake lilijengwa daraja la magari la njia nne, Camperdown, na maporomoko yakafichika chini ya zege. Kikundi cha wapenda bustani wa pale kilianza mwaka 1967 kusafisha kingo za mto, kikiung'ang'ania uzuri ambao watu wengi hawakuwa hata wanajua upo. Meya Knox White, aliyechaguliwa mwaka 1995, akaja na wazo la kuliondoa daraja zima. Wengi walipinga: daraja ni zima, magari yanapita kila siku, kwa nini livunjwe? Ilibidi mji uchukue kwanza umiliki wa ile barabara kutoka jimboni. Likavunjwa, na mwaka 2004 likafunguliwa Liberty Bridge, daraja la miguu lililobuniwa na Miguel Rosales: urefu wake mita 108 hivi, limepinda, na nyaya zake zimeshikwa upande mmoja tu, ili anayesimama juu yake ayaone maporomoko bila kuzuiwa na kitu. Daraja na bustani vyote viligharimu takriban dola milioni 13. Mtaa wa jirani, uliokuwa na maghala matupu, ukaamka.

Mkienda na watoto, waambieni watafute panya tisa wa shaba waliofichwa kando ya Main Street. Lilikuwa wazo la mwanafunzi wa sekondari, na linawatembeza watoto mtaa mzima bila kulalamika.

Chattanooga historia yake ni nzito zaidi. Mwaka 1969 mtangazaji Walter Cronkite aliwaambia Wamarekani, kwa kutegemea ripoti ya serikali kuu, kwamba mji huu ndio wenye hewa chafu kuliko yote nchini. Mji umezungukwa na milima, na moshi wa viwanda vya kuyeyusha chuma ulikaa bondeni, hata magari yakawashwa taa mchana. Kisha viwanda vikafungwa. Moshi ukapungua, na mishahara nayo ikaondoka.

Mwaka 1984 wakazi zaidi ya elfu moja waliitwa kwenye mikutano ya wazi kusema wanautaka mji wa namna gani. Mikutano tumeshaiona mingi sote, inaisha kwa chai na picha. Hii ilizaa matunda. Jumba la samaki, Tennessee Aquarium, likafunguliwa mwaka 1992 kando ya mto, kwa dola milioni 45 ambazo karibu zote zilitoka kwa wafadhili binafsi. Mabasi ya umeme yasiyotoza nauli yakaanza kuzunguka katikati ya mji, miaka ambayo mabasi ya umeme yalikuwa bado jambo geni. Barabara pana ya malori iliyoutenga mji na mto ikapunguzwa. Mwaka 2010 shirika la umeme la mji, EPB, likaunganisha eneo lake lote kwa intaneti ya kasi ya gigabiti moja, kabla ya majiji makubwa kufika hapo.

Na Walnut Street Bridge. Lilijengwa mwaka 1890 na 1891, chuma kitupu, urefu zaidi ya mita 700 juu ya mto Tennessee. Mwaka 1978 lilifungwa kwa magari kwa sababu ya uchakavu, likapangiwa kubomolewa. Wakazi wakakataa. Wakachanga, wakanunua vibao vidogo vya kuandikwa majina ya wapendwa wao, na mwaka 1993 daraja likafunguliwa tena, sakafu ya mbao, kwa miguu na baiskeli tu.

Hapa naomba utulivu wenu. Daraja hilo hilo ndipo watu weusi wawili waliponyongwa na magenge ya weupe: Alfred Blount mwaka 1893, na Ed Johnson tarehe 19 Machi 1906. Johnson alihukumiwa kifo kwa kosa la ubakaji, baada ya baraza la wazee wa mahakama, weupe watupu, kumtia hatiani. Mawakili wawili weusi, Noah Parden na Styles Hutchins, waliichukua kesi yake, na Parden akasafiri hadi Washington kumwona Harlan, mmoja wa majaji wa Mahakama ya Juu. Mahakama hiyo ikasimamisha adhabu. Umati ukamtoa jela, ukamnyonga darajani, ukammiminia risasi. Mahakama ya Juu ikamshtaki mkuu wa polisi wa wilaya, Joseph Shipp, pamoja na wenzake, na mwaka 1909 ikamtia hatiani. Ndiyo kesi pekee ya jinai ambayo mahakama hiyo imewahi kuisikiliza yenyewe. Shipp alifungwa siku 90. Parden na Hutchins iliwabidi waukimbie mji. Hukumu ya Johnson ilifutwa mwaka 2000, na mwaka 2021 ukumbusho wake ukazinduliwa upande wa kusini wa daraja, sanamu za watu watatu: Johnson na mawakili wake.

Nawaomba mpitie kwanza pale kabla ya kuvuka na kupiga picha za harusi. Daraja lingevunjwa, habari ile nayo ingefutika kwa urahisi zaidi.

Greenville nayo inayo ya kwake. Watoto weusi walikuwa na uwanja wao wa michezo, Mayberry Park, na miaka ya 1930 sehemu yake kubwa ilichukuliwa kujengwa uwanja wa besiboli wa timu ya weupe. Mwaka 2022 mji ulifungua Unity Park hapo hapo, zaidi ya hekta 20, na kutenga ardhi jirani kwa nyumba za bei nafuu. Ni jambo jema, na limechelewa. Mitaa ya watu weusi iliyozunguka katikati ya Greenville imeshaona familia nyingi zikiondoka kwa sababu kodi zimepanda pamoja na uzuri wa mji. Mji ukipendeza, wa kwanza kuulipia huwa mpangaji, na sisi wengi humu ni wapangaji. Nampenda Heller na miti yake, lakini kivuli kile sasa kinawalinda zaidi wenye uwezo wa kununua nyumba karibu nacho.

Kwa hiyo anayefikiria kuhamia, nina ushauri wa wazi. Asiangalie bustani peke yake. Kiwanda cha BMW kiko karibu na Greer, nje ya Greenville, na cha Volkswagen kiko pembezoni mwa Chattanooga. Kwenda kazini huko bila gari ni taabu, kwa kuwa mabasi ni machache na ya usiku ni machache zaidi. Piga hesabu ya kodi na gari pamoja. Uliza nani anapanga nyumba kwenye mtaa unaoupenda, na amekaa kwa muda gani. Na mkienda kutembea tu, nendeni Jumamosi asubuhi. Main Street ya Greenville ina soko la wakulima tangu mwezi wa tano, maegesho mapema hayasumbui, na kutoka hapo mnashuka kwa miguu hadi maporomoko. Yupo mwenye swali? Tuanze na mama aliye pale nyuma.