Raha ya Safari Ndefu Iko kwenye Upepo
Mhadhara kwa waendesha baiskeli na mafundi, Tabora

Mwangaluka! [Wasikilizaji: Mwangaluka!]

Wazee wangu, mafundi, na ninyi vijana mliofika mmevaa kofia ngumu tayari kama vile mashindano yanaanza mlangoni, asanteni. Nimeombwa niseme juu ya magurudumu ya baiskeli za mbio kwa mtu anayekwenda mbali. Mbali yenyewe tunaijua: Urambo, kama kilomita 90, Nzega, zaidi ya 100, Sikonge kwa wanaojifunza. Saa nne, tano, sita juu ya siti.

Neno langu ni moja, mengine yatatokana nalo. Gurudumu lenyewe halina ulaini. Ulaini uko kwenye tairi na upepo uliomo. Kwa hiyo ukienda kununua, usimuulize muuzaji kama magurudumu yake ni laini, maana atakujibu ndiyo. Muulize yanapokea tairi pana kiasi gani. Kisha jiulize mwenyewe: spoku ikikatika Usoke, nani atanisaidia?

Najua mafundi wengine hapa mnaguna. Inasemwa kwamba spoku nyembamba hulainisha, kwamba ringi nene hupiga mgongo, kwamba gurudumu la spoku chache lina mdundo. Fanyeni jaribio hili nyumbani. Mtu mzito akae juu ya baiskeli, wewe uiname utazame chini. Tairi litabonyea milimita kadhaa mbele ya macho yako. Ringi hutaiona ikisogea, kwa sababu inasogea chini ya milimita moja. Sasa mtikisiko unaotoka barabarani unapunguzwa na nani? Ukibadilisha spoku umegusa kitu ambacho karibu hakisogei. Ukibadilisha tairi umegusa kile kinachofanya kazi.

Hili wala si jipya. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kabla ya hapo watu waliendesha juu ya mpira mgumu usio na upepo, na kabla yake chuma. Miaka mitatu baadaye, 1891, Mfaransa Charles Terront alishinda mbio za kwanza za Paris hadi Brest na kurudi, kama kilomita 1,200, akitumia tairi za Michelin zilizoweza kuvuliwa na kuzibwa njiani. Alitumia saa 71 na dakika kadhaa, bila kulala. Zingatieni kilichomfaa: upepo, na tairi ambalo mtu anaweza kulitengeneza akiwa porini. Mpaka leo mimi sijaona la tatu la kuongeza.

Sasa tuingie kwenye upana, na hapa nitakaa kidogo.

Baiskeli nyingi za mbio tunazozipata hapa ni mitumba, na nyingi zinakuja na tairi za milimita 23. Zamani waliamini kwamba tairi jembamba lililojazwa mpaka likalia kama jiwe ndilo lenye kasi. Kwenye uwanja wa ndani wenye sakafu ya mbao, sawa. Barabarani kila kokoto linamrusha mtu juu, na nguvu uliyokusudia ikupeleke mbele inaishia kuutikisa mwili wako. Ndiyo maana wanamashindano wakubwa wa Ulaya walihama kutoka 23 wakaenda 25, kisha 28, na kwenye mbio za Paris–Roubaix zenye barabara za mawe wanaweka 30 na zaidi. Hao hawatafuti starehe. Wanatafuta kushinda.

Na barabara zetu? Lami nyingi ni ile ya kumwaga kokoto juu ya lami ya moto na kushindilia. Imara, lakini inanguruma chini ya tairi. Ongeza matuta na rasta kila unapoingia kijijini. Ongeza kipande cha vumbi pale lori la tumbaku linapokusukuma nje ya lami. Kwa hali hii mimi nasema wazi: 28 ndiyo mwanzo, 32 ndiyo saizi ya mtu mwenye akili, na fremu ikiruhusu 35 usione aibu. Tairi la 32 lina nafasi ya upepo zaidi kwa kama asilimia 60 kuliko la 25, ukipima mkato wake.

Lakini kuna mtego. Mtu ananunua tairi pana, anakwenda kwa kijana wa kompresa pale stendi, anamwambia jaza kama zamani. Halafu anarudi kwangu analalamika kuwa tairi pana linagonga kuliko jembamba. Kweli linagonga! Upepo uleule ndani ya tairi pana unalivuta tairi kwa nguvu zaidi. Psi, yaani kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachosomwa kwenye geji, 90 kwenye tairi la 25 hulikaza sawa na psi 70 kwenye la 32. Ukiongeza upana, punguza upepo, la sivyo umelipia raha ukaiacha dukani.

Mwenye kilo 70, bila mzigo, aanzie hapa: tairi la 28, nyuma psi 70 na mbele 65. Tairi la 32, nyuma kati ya 55 na 60, mbele 50 mpaka 55. Nyuma panabeba uzito zaidi, ndiyo maana hapalingani. Kisha panda, piga rasta moja, sikiliza mikono. Ukisikia ringi inagonga, ongeza. Ukipata pancha yenye matundu mawili yaliyopangana kama meno ya nyoka, hiyo si miba, ni ringi imeibana tyubu dhidi ya tuta. Ongeza psi 5. Na ukiiacha baiskeli juani saa saba mchana, ukapima tena, usishangae geji kupanda. Joto la nyuzi 20 zaidi huongeza kama psi 5 au 6.

Tafadhali, kompresa ya bodaboda isiguse tairi la baiskeli ya mbio kama haina geji inayofanya kazi. Tairi linajaa kwa kupepesa jicho, na likipasuka linapasulia usoni.

Kabla hujanunua tairi pana, angalia kama linaingia. Breki za kubana ringi za baiskeli nyingi za mbio zinaishia 25 au 28. Chukua alenki namba 4, ule ufunguo wa pembe sita wenye unene wa milimita 4, ipitishe kati ya tairi na fremu, kati ya tairi na uma, na chini ya breki. Isipopita, shuka saizi. Baiskeli zenye breki za diski kwa kawaida zina nafasi kubwa zaidi, na hiyo ndiyo sababu yangu kuu ya kuzipenda, siyo kusimama ghafla.

Ringi nayo ina upana wake wa ndani. Za zamani ni milimita 13 mpaka 15, za siku hizi 19, 21, mpaka 25. Kwa tairi la 28 au 32, ringi ya 19 au 21 inakaa vizuri. Tairi linasimama imara, halilali pembeni kwenye kona. Kuna ringi mpya zisizo na mdomo wa kushikilia tairi. Hizo kikomo chake ni bar 5, yaani psi 72 hivi, na zinataka tairi zilizoandikwa kuwa zinazifaa. Kwa mazingira ambapo upepo unajazwa na mtu asiyekujua, mimi siziwezi. Nunua yenye mdomo.

Spoku. Hapa fundi wangu wa Isevya ananitazama, maana ndiye anayezipanga.

Gurudumu lililobeba mtu hufanya hivi: spoku zilizo chini hulegea kidogo, na zikipita zinakaza tena. Kila mzunguko. Tairi la 28 likizunguka mara moja limekwenda mita 2 na kidogo, kwa hiyo mpaka Urambo kila spoku imelegea na kukaza zaidi ya mara 42,000. Spoku haikatiki kwa sababu ulipita shimo moja. Inakatika pale kwenye shingo iliyopinda kwa kuchoka, na inayochoka upesi ni ile iliyofungwa legelege. Nyuma upande usio na giya ndio hulegea zaidi, kwa sababu ringi imevutwa upande wa giya.

Kwa hiyo idadi. Spoku 20 zinapendeza kwenye picha. Moja ikikatika, ringi inapinda, inasugua breki au fremu, umekwama porini. Spoku 32, moja ikikatika unafungua breki kidogo na unafika. Mimi naweka 32 mbele na nyuma kwa mtu wa kawaida, na 36 nyuma kwa mzito au mwenye kerio. Watani zetu wa Pwani wanasema Mnyamwezi hawezi kusafiri bila mzigo. Haya, basi weka 36!

Ukipata spoku zilizonenepa ncha mbili na kukonda katikati, chukua hizo. Watu hudhani ni dhaifu. Ni kinyume: kile chembamba cha katikati ndicho kinachovutika, na shingo inapumzika. Gurudumu likishanyooshwa, shika spoku mbilimbili zilizo sambamba uzibane kwa nguvu, zunguka gurudumu zima, kisha linyooshe tena. Halafu zigonge kwa ukucha. Za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea.

Kitovu sitakichelewesha. Chenye gololi za kumwaga, fundi yeyote wa Ng'ambo anakifungua, anaosha, anapaka grisi, anafunga. Chenye beringi zilizofungwa pia sawa, ilimradi namba ya beringi isomeke, kwa mfano 6902, na uitafute kwenye maduka ya beringi kabla hujaihitaji. Uzito wa magurudumu? Huku kwetu nchi ni tambarare. Gramu 300 hutazijua ukishashika mwendo. Ringi ndefu za kukata upepo? Upepo wa ubavuni wa kiangazi, na basi linakupita kwa kasi, zitakurusha. Basi.

Lakini lipo la saizi ambalo limewaliza wengi, naomba utulivu.

Unapasua tairi njiani. Unaingia duka la vipuri, unasema nataka inchi 28. Unapewa tairi la Phoenix. Limeandikwa 28, na haliingii kwako: linapwaya. Hilo lina kipenyo cha milimita 635 pale linapokalia ringi. Baiskeli yako ya mbio ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu na huwezi kuidanganya kwa tyubu nene. Sasa habari njema: tairi za baiskeli ya milimani zinazoandikwa 29 nazo ni 622. Yaani inchi 28 imekukataa na 29 inakukubali, ilimradi fremu ipate nafasi ya upana wake! Aliyepanga haya simjui. Ninyi someni ubavuni mwa tairi namba mbili zilizounganishwa, mfano 32-622. Ya kwanza upana, ya pili kipenyo. Ya pili isipolingana, rudisha.

Na valvu: nyembamba ya baiskeli za mbio haiingii pampu za hapa bila adapta. Adapta ni ndogo kama kifuniko cha kalamu. Iache imefungwa kwenye valvu, isikae mfukoni.

Maswali. Mama mmoja ameuliza: mimi nina kilo 55, nitumie namba zilezile? Hapana, mama, shuka. Tairi la 32, anza na 45 nyuma na 40 mbele, uende ukiongeza upepo taratibu.

Kijana ameuliza juu ya ringi za kaboni za mitumba. Usinunue. Ufa wake unaweza kujificha, na breki ya kubana ringi huipasha moto kwenye mteremko mrefu. Alumini ikipinda unaiona.

Fundi ameuliza mbigili. Tairi lisilo na tyubu lenye dawa ndani huziba matundu madogo vizuri, lakini dawa hukauka, na kwa joto letu hukauka mapema. Ichunguze kila baada ya miezi miwili. Asiyetaka kazi hiyo achukue tairi lenye mkanda wa kinga chini ya mpira unaogusa barabara, abebe tyubu mbili, na kila akitoka vumbini apitishe kiganja chenye glavu juu ya tairi. Mbigili haiingii mara moja, inasukumwa ndani mzunguko baada ya mzunguko, hivyo ukiiwahi unaiokoa tyubu.

La mwisho, mzee wangu aliyeuliza ringi huisha lini: masika ringi ya breki za kubana inaliwa na mchanga. Ringi nyingi zina kifereji au kitundu kwenye uso wa breki. Kikifutika, ringi imekwisha, hata kama imenyooka. Pampu yenye geji ipo hapo mlangoni. Anayetaka kupima alete baiskeli sasa, tuanze na zile za 23 zilizojazwa stendi.